Mizani ya Pumzi

Daktari asema damu yangu ni shwari.
Kipimo kimewatafuta wale wadudu, hakikuwaona.
Alhamdulillahi, nikamjibu. Sasa niambie,
nani awasha jiko chini ya nyayo zangu
kila saa nane ya usiku?

Miaka kumi na tisa nameza vidonge bila kukosa.
Hata siku ya maziko ya mume wangu
nilivimeza kwa kahawa ya matanga.
Sikudai shukrani. Lakini miguu hii
hata ndara haizitaki;
shuka likinigusa kidole, ni pasi ya makaa.

Ndipo nikaandikiwa Jumanne, chumba cha nyuma,
zahanati ya Tudor, kando ya tangi la maji.
Nilidhani ni sindano mpya. Nikamkuta Dzame,
binti wa Rabai, hana hata koti jeupe,
na viti saba vya plastiki amevipanga mduara.
"Leo tutapumua," asema.
Nikamwambia, mwanangu, hilo nalijua,
nimelianza Kuze kabla mamako hajaolewa.

Tulikuwepo: Wanza wa Chaani,
mgongo wake ufunguo ulioshika kutu;
Shebwana, karani wa zamani wa Kilindini,
aachaye fimbo yake nyuma ya mlango
kana kwamba ni ya mtu mwingine;
na kijana mmoja, jina hakulitaja, nasi hatukuuliza.

Inua mikono polepole, asema Dzame,
kama unaanua shuka ambalo halijakauka vyema.
Hamisha uzito, mguu wa kushoto, sasa wa kulia.
Usishindane na mtu. Ukiumia, punguza.
Ukichoka, kaa; kukaa nako ni zoezi.
Shebwana akacheka: basi mimi bingwa.

Wiki ya kwanza nilihisi upuuzi.
Wiki ya tatu nilihisi visigino.
Si moto wao, la, vyenyewe,
vimekaa juu ya saruji.
Nilikuwa nimesahau kwamba sakafu ina ubaridi.

Vuta ndani, hesabu. Toa nje, hesabu.
Nane, kituo, nane.
Nikashtuka: si mizani hii?
Marehemu baba alihesabu vivi hivi, kwa vidole,
akigonga meza ya duka lake la vitambaa,
akitafuta kina, mteja amesimama na doti mkononi.
Nami, mtu wa mahamri,
sijatunga maishani mwangu
ila orodha ya wenye deni.
Usiku ule, saa nane, jiko lilipowashwa,
niliketi ukingoni mwa kitanda nikanyosha vidole:

*Pumzi shuka tumboni, nyayoni nako ufike,*
*Ukimkuta mgeni, mwambie apumzike,*
*Sitamtupa njiani, wala asinizunguke,*
*Mwenye nyumba hii nani? Mimi, huyu mwanamke.*

Sikulala papo hapo, nisidanganye.
Moto haukuzimika. Ulipunguza sauti tu,
kama jirani aliyekumbuka
kuna mgonjwa ng'ambo ya ukuta.

Asubuhi mjukuu wangu Tunu akanikuta jikoni,
mahamri yaelea kwenye mafuta, mimi mikono hewani.
"Bibi, wafukuza nzi?"
"Naanua shuka."
Akatazama dari, akatazama mikono yangu,
akaja akashika pembe ya pili.