Yah: Maombi ya Kurudishwa

Kwako dirisha namba nne,
salaam. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Sikudhani Pazi wa Keko Machungwa,
nyumba ya bati jekundu nyuma ya mashine ya kusaga,
luku inayoishia na tatu na tisa.
Nilikuwa kwenye kundi la wanaotumia kidogo.
Sikuomba kuingia, niliwekwa,
na umeme wa elfu mbili ulikuwa unanifikisha Ijumaa.

Mwezi wa pili joto lilipokataa kulala
nikanunua jokofu la mtumba, mlango kwa kamba,
nikaanza kufunga barafu za ubuyu,
mia mia.
Watoto wa shule wakitoka mapumziko
walizing'ata kona, wakanirudishia vifuko mdomoni mwa mlango
kana kwamba nami ni shimo la taka. Sikununa.
Mia ni mia.

Halafu siku moja naingiza tarakimu ishirini,
mita inalia, inanipa uniti za mgonjwa.
Nikadhani macho. Nikamwita Matilda Komba wa chumba cha pili,
akavaa miwani yake ya cherehani, akahesabu:
hela ile ile, uniti nusu ya nusu.
Hakuna aliyepiga hodi kuniambia,
mama, hongera, umetajirika.

Mjumbe aliniandikia barua juu ya goti.
Muhuri uko kwa mwenyekiti.
Mwenyekiti yuko semina.
Semina iko Morogoro.

Nilipokufikia, dirisha, ilikuwa siku ya tisa.
Kijana wako ni mpole, simlaumu.
Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kola inakata
(nikajikuta nahesabu: pasi ile, uniti ngapi?)
Akasema, Punguza matumizi, mama,
miezi kadhaa mfululizo,
mfumo utakuona wenyewe.

Nimejaribu kuonekana.
Jokofu nimelichomoa.
Tumekaa kikao uani, wapangaji wote, mita moja vyumba sita;
Rweyemamu akakana redio yake mbele za watu
huku tukiisikia inaimba chumbani.
Matilda amerudi kwenye pasi ya mkaa,
na mkaa nao, kopo limepungua kimo, bei imerefuka,
amechoma suruali ya mteja, kalipa.
Taa ya uani tumezima. Bibi Chausiku kajikwaa kwenye karo,
goti limevimba kama boga.
Mtungi wa gesi wa ruzuku nilipata, nashukuru,
mzuri, nimeuwekea kitambaa cha kufuma.
Kuujaza ndiko kunakotaka ruzuku nyingine.

Sasa ninachouliza ni kimoja,
na naandika mlangoni kabla jua halijazama, nisamehe mwandiko.
Nikizima kila kitu mfumo utaniona maskini, utanirudisha.
Nikirudi nitawasha jokofu, kwa sababu nina njaa.
Nikiwasha jokofu, nimetajirika tena.
Je, kuna mahali kati ya hapo na hapo
ambapo mtu anaruhusiwa kusimama?

Naambatanisha: barua ya mjumbe isiyo na muhuri,
risiti saba, nyingine zimefutika kwa jasho.
Nakala nyingine nimeihifadhi ndani ya jokofu,
panya hawafiki, na angalau lina kazi.

Jambo la mwisho. Kuna mtoto, Hemedi, mwana wa jirani,
bado anakuja na mia yake imekunjwa ngumi.
Nilimwambia barafu inasubiri mfumo.
Akaniuliza, Mfumo ni nani? Anakaa wapi?
Nikamwambia, dirisha namba nne.
Ana miaka sita, ana kiu, na anajua kugonga.
Akija, mfungulie.

Natanguliza shukrani.
Wako katika ujenzi wa taifa,
S. Pazi

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa (akirudi).