Kumi na Mbili Ileile

Bi Sikudhani aliteremsha betri mbili kwenye bajaji,
akazipanga mbele ya kibanda chetu, Gerezani,
kama mtu aliyeleta mashahidi.
"Kumi na mbili, na kumi na mbili," akasema.
"Nifungie nipate ishirini na nne.
Nina sare tisini za kushona kabla shule hazijafunguliwa,
na Buza umeme unakatika hata uzi sijatia."

Fundi Mwahija hakujibu. Akashika ncha za mita,
nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi.
Betri mpya: kumi na mbili nukta nane.
Ya zamani: kumi na moja na ushei.
"Hizi bado hazisalimiani.
Nikizifunga sasa, ya juu itaimiminia ya chini
mpaka waya ulie."
Hilo nilikuwa nalijua.
Kidole changu kina kovu la siku niliyojifanya fundi.

Ya zamani ikashinda kwenye chaja.
Alasiri zikalingana, tukafunga,
chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
na mita ikasoma
kumi na mbili nukta saba.

Bi Sikudhani akainama, akaisoma tena.
"Nimeleta mbili, mnanirudishia moja?"

"Kwenu kuna simtanki ngapi?"
"Yangu. Na ya wifi yangu."
"Ziweke chini sambamba, uziunganishe kwa bomba.
Maji yatapanda kuliko yalivyokuwa?"
Mkokoteni wa nondo ukapita, ukatunyamazisha wote.
"Hayapandi."
"Hayapandi. Koki haitatoka kwa kishindo zaidi.
Ila utafua, utapika, utaoga,
na wifi yako ataoga,
na boza la maji halijaitwa.
Hiyo ishirini na nne yako
ni simtanki juu ya kichwa cha simtanki.
Taa yako ingepasuka kabla hujakaa kitini."

Alilipa shingo upande,
noti moja moja, kila moja akiipapasa.

Usiku simu ikaniamsha.
"We kijana, mwambie fundi wako
taa haijaongezeka hata chembe.
Ileile! Ileile ya jana!"
Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia.
"Jana ilizimika saa ngapi, mama?"
"Saa sita."
"Na sasa ni saa ngapi?"

Cherehani ikasimama.
Nikamsikia akigeuka kutafuta saa ukutani.
"Kumi," akasema, polepole,
"na dakika tano."
Kisha mguu ukarudi kwenye pedali.