Kitindamimba

Miezi mitatu, majuma matatu, siku tatu:
hivyo ndivyo mkwe wangu Torkild alivyonifundisha
kuhesabu mimba ya nguruwe,
kwa vidole vilivyopindwa na baridi yabisi,
mwaka ule nilipoolewa huku Jutlandi
sijui hata ndoo hushikwaje.
"Ukikosea," alisema, "utakuta kazalia gizani
na nusu yao kawalalia."

Sikukosea.
Tarehe nane Februari, theluji imelala juu ya bati,
namba mia tatu kumi na nane akaanza kukusanya majani makavu
kwa mdomo, akiyapanga, akiyapangua,
kama mtu anayemtandikia mgeni asiyemjua.
Nikambinya chuchu. Ikatoa tone la dang'a.
Nikawasha taa ya joto, nikavua pete,
nikanawa hadi kwenye viwiko.

Wa kwanza alitoka saa nne na robo.
Akafuata mwingine, na mwingine,
wateleza kama sabuni.
Futa pua. Paka ayodini kitovuni.
Mwelekeze kwenye chuchu, anywe dang'a mapema,
maana hazaliwi na kinga, huinyonya,
na homa haimsubiri apate jina.
Si kwamba tunawapa majina.

Chuchu kumi na nne.
Nilizihesabu mara mbili.
Wana kumi na watano.

Hesabu haina shangazi.
Haibembelezi, haikuwekei kiporo.

Jikoni, Ejnar alikuwa na karatasi za ushirika:
bei ya kilo imeshuka tena, shayiri imepanda,
na benki imeandika kwa adabu iliyozidi.
"Kila nguruwe tunayemuuza," alisema,
"tunamuuza na ubao mmoja wa paa."
Nikapita nyuma yake na aproni imefumbatwa,
nikafungua oveni, moto mdogo kabisa, mlango wazi,
nikaingiza kisanduku cha viatu
kama alivyofanya Torkild kabla ya kuja umeme bandani.
Ejnar akachungulia.
"Hiyo ni hasara yenye mkia."
Kisha akaenda kutafuta chupa.

Gramu mia saba, hata mkate unamzidi.
Maziwa ya ng'ombe kila saa, tone kwa tone.
Nilimwita Kitindamimba;
si jina, ni cheo.

Siku ya tatu, sindano ya madini ya chuma shingoni.
Juma la tano, mama kaachanishwa nao,
na kelele zao zilitunyima usingizi siku mbili.
Mengine niliyafahamu kwa kutazama:
nguruwe hatoki jasho, mpe maji ajiloweshe;
hanyi anapolala, ukimwachia nafasi ya kuchagua;
akimng'ata mwenzake mkia, usimuulize tabia,
tafuta ufa unaopitisha upepo, au birika lililokauka.

Agosti, Sigvald alirudisha lori kinyumenyume hadi mlangoni,
na nyundo yake ya kugongea namba.
Wenzake walipanda.
Yeye alisimama kwenye ubao, kilo mia na kumi na mbili,
akanusa aproni yangu, kwenye mfuko,
halafu akapanda.
Stakabadhi ilikuja Alhamisi:
kilo themanini na sita, nyama nyekundu asilimia sitini na moja,
makato haya, makato yale.
Nilitafuta safu ya saa za oveni. Haipo.
Zikalipa shayiri ya wiki moja, au karibu.

Mkesha wa Krismasi nilichanja ngozi kwa kisu cha zulia,
nikasugua chumvi, nikachomeka majani ya mbei.
Nyama ya dukani. Ya nani, hakuna ajuaye.
Ikalia vizuri ndani ya moto, ikavimba, ikawa dhahabu,
na Ejnar akala kipande cha ngozi amesimama,
mafuta yakimtiririka kidevuni kama mtoto.
Nami nilikula.
Nilikula sana.

Saa tatu nikaitazama kalenda ukutani:
namba mia tatu kumi na nane, mimba ya tatu mwaka huu,
tatu, tatu, tatu.
Nikavua pete, nikavaa mabuti.
"Zima oveni," alisema Ejnar.
Nikaizima.
Mlango wake nikauacha wazi.