Safu ya 412

Saa tano usiku, Klaipėda. Theluji inagusa dirisha
kwa vidole vya mgeni asiyejua kama amealikwa.
Gintautas ameniachia karatasi juu ya kibodi:
*Nakala zote zifutwe. Ibaki ya kwanza.*
Amepiga mstari chini ya "zote".

Naliuliza jedwali: nani amejirudia?
Linajibu bila haya. Danutė, mara saba.
Safu ya 412, mwaka wa tisini na nne: Danutė Vaitkutė,
jina la usichana, simu hana.
Safu ya 3087: Danutė Norkienė. Ameolewa.
Kisha Norkiene bila ile nukta yake juu,
karani mpya, kibodi ya kigeni.
Kisha Vaitkutė tena. Ndoa imekwisha,
au amechoka tu.
Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki,
na jicho ni lile lile la kushoto,
linaloingia ukungu safu baada ya safu.

Kanuni ni nyepesi:
wakusanye wanaofanana, tafuta namba ndogo kuliko zote,
iache; zilizoizidi, futa.
Hapa namba ndogo ndiyo kifungua mimba,
na kifungua mimba anarithi nyumba nzima.

Kidole kilikuwa tayari hewani.
Nikasoma tena, kwa sababu tu chai ilikuwa bado ya moto.
Safu ya sita, kwenye kisanduku cha maelezo
ambacho hakuna anayekijaza,
muuguzi fulani wa zamu aliandika:
*Penisilini hapana. Koo lilivimba. Nusura tumpoteze.*
Ya sita peke yake.
Kifungua mimba hana habari.

Majuto ni mjukuu, sawa,
lakini mashine haina wajukuu.
Ingeniambia "safu sita zimefutwa",
ikanyamaza.

Nikafungua muamala, mlango ambao bado unarudi nyuma.
Nikaibeba sentensi ile, nikaikabidhi 412.
Simu nikaitoa ya saba, mtaa ya tano.
Jina lilinishinda.
Kesho nitampigia nimuulize
siku hizi anaitwa nani.

Ndipo nikafuta. Sita.
Nikahesabu waliobaki: mmoja.
Nikahesabu tena, kama anayepapasa mfuko
akijua funguo zimo.
Nikathibitisha.

Chai imepoa. Huko nje gari la theluji linapita,
linafuta, linafuta,
linaacha barabara.