Chupa Isiyonukia

Saa kumi alfajiri umeme umekatika Kirtipur,
nimeamka kabla jenereta haijaanza kukohoa.
Taa za rafu zikizima,
ukimya hunigusa begani kama mkono.

Chupa mia tatu na kumi na mbili.
Katika kila moja jatamansi mdogo kuliko kucha
amesimama juu ya jeli ya mwani na sukari,
hajui upepo, hajamwona mbuzi.
Nilimkata kwa kisu kilichopita motoni,
mdomo nimeufunga kitambaa,
maana pumzi yangu tu yatosha kumuua.

Mwezi wa pili kuvu iliingia.
Chupa themanini ziliota manyoya ya kijivu.
Bimala alizihesabu, akaziandika, akazichemsha,
kisha akanimenyea chungwa. Hatukusema neno.

Baba yangu alikuwa mchimbaji.
Kule Jumla, theluji ikishayeyuka,
alipanda na sululu, akang'oa mizizi yenye nywele,
dawa ya usingizi, dawa ya moyo unaodunda ovyo,
hakubakiza hata wa mbegu.
Mtu wa mpakani aliipima kwa kilo.
Kwa kilo zile nilivaa viatu,
nikapata daftari, sare ya buluu, nauli ya basi.
Elimu yangu yote imetoka katika mashimo yale.
Kazini sijawahi kulitamka hilo.

Alipokuja mjini kutibiwa jicho
nilimvika koti jeupe, nikamfungulia chupa moja.
Akaisogeza puani, akafumba jicho lile zima.
"Haina harufu."
Nikamweleza homoni, nikamweleza majuma, nyuzi za joto.
Akanisikiliza kama asikilizwavyo mtoto mwenye homa.
"Atanukia nini, Dilsara,
na baridi haijamuuma hata mara moja?"

Juni tulipandisha miche arobaini.
Kapu alilibeba yeye, ugwe kwenye paji la uso;
mgongo uleule ulioteremsha magunia.
Sululu ileile.
Mashimo aliyachimba madogo, akayapima kwa kidole,
akaniuliza kila mara: hapa? hapa?

Oktoba nilikuta tisa hai.
Thelathini na moja nimewaandika daftarini, tarehe na sababu,
penye sababu.
Baba alipiga goti kwenye mche wa mwisho,
akaparura udongo kidogo shinani,
akanusa ukucha wake, kwa muda mrefu.
Hakusema kitu.
Alininyoshea kidole.