Mshahara wa Mwezi

Jumatatu, gari la bendi limenishusha Nyegezi
saa kumi na moja alfajiri, besi mgongoni,
masikio bado yanavuma ukumbi wa Kahama,
na mfukoni mgao wangu: elfu kumi na nane
baada ya mafuta, baada ya faini ya trafiki Usagara,
baada ya Bugumba kusema, "Mengine tutaangalia."
Mengine tunayaangalia tangu masika ya mwaka juzi.

Mwenye nyumba wangu Igogo haangalii. Anahesabu.

Basi nikatafuta kazi yenye mlango wa nyuma,
ya kuniachia Alhamisi na kunipokea Jumatatu
bila kununa.

Kiwanda cha minofu wakanipa mabuti na kisu.
Siku ya tatu vidole havikuwa vyangu,
barafu ilivilaza kimoja kimoja,
na usiku nilipogusa uzi mnene
ukanijibu kama mgeni.
Msimamizi akauliza, "Ijumaa upo?"
Ijumaa niko Sengerema.
Akapiga mstari juu ya jina langu
kwa rula. Kwa rula, jamani,
kana kwamba jina lingechomokea pembeni.

Ulinzi, Kapripointi: "Ni usiku tu, mchana wako."
Nani anacheza dansi mchana?
Pikipiki ya Magesa: hesabu elfu saba kila jua,
"uwe umelala, uwe umefiwa, uwe Geita na gitaa lako."
Wiki mbili nilifanya kazi
ili pikipiki isinidai.

Aliyenipa kazi hakuwa anatafuta mtu.
Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kuomba umeme
nichomee waya wa ampu yetu iliyokata kauli Nansio.
Bi Nyanzobe ana kibanda cha kuchaji betri,
zile za taa za dagaa, zimepangwa ukutani
kama wanafunzi waliochelewa namba.
Akatazama mkono wangu, si uso.
"Kumbe unajua nyaya. Kijana wangu kaenda Mererani."
Nikamwaga ubaya wote mapema:
nasafiri, nazama wiki nzima visiwani, simu haishiki,
tarehe anapanga Bugumba, na Bugumba hapangiki.
"Visiwani mnapiga lini?"
Nikafikiri. Sikuwahi kufikiri.
"Mbalamwezi ikikolea. Ndipo wavuvi wanapopumzika.
Taa zao hazifui dafu mbele ya taa ile,
dagaa hawadanganyiki,
watu wana pesa na hawana pa kwenda."
Alicheka mpaka kanga ikamtoka begani.
"Na mimi betri naletewa siku za giza.
Mbalamwezi nakaa hapa nafukuza nzi."

"Unalipa kwa mwezi?"
"Kwa mwezi," akasema, akainua kidevu juu
kwenye mchana mweupe usio na kitu.

Siku za giza nanuka asidi.
Shati langu la buluu limetoboka kifuani,
naongeza maji, naandika majina kwa chaki;
nawajua wenye mitumbwi kwa betri zao:
ya Bwire inazimia saa nane, ya Kafulu haifi,
ya marehemu Machumu wanawe wanaigombea
na haina hata chaji.
Nikingoja taa nyekundu iwe kijani
nafanya mazoezi, besi bila ampu,
nasikia kwa mfupa wa paja.

Kisha mwezi unanenepa. Nafunga besi kwa turubai.
Kambini, ufukwe umejaa viatu vilivyovuliwa,
Bugumba anajaribu maikrofoni, moja, mbili,
nami nainama kuunganisha ampu
na nakuta chaki yangu: KAFULU, herufi zilezile.
Betri nayo iko likizo, imekuja dansini.
Nikapiga noti ya kwanza. Ikashika.

Kodi ya miezi miwili bado.
"Mwezi ukiisha," namwambia mwenye nyumba,
naye anageuka kutazama kalenda ukutani.
Mimi natazama dirishani.