Mbuzi wa Kwanza

Saa tisa usiku, simu ya Isabirye:
limepasuka tena, pale pale, njia ya kiwandani.
Nikavaa gambuti za jana, bado mbichi.

Chuma hiki kilizikwa Jinja
kabla mama yangu hajazaliwa.
Ukikigonga kwa spana kinakohoa.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Sawa. Mimi nimeyaona yakirudi:
mwaka ule presha ilipoanguka,
bomba likavuta pumzi kwa ndani,
likafyonza pipa la rangi la kiwanda cha vitenge,
na asubuhi Walukuba ikachemsha chai ya buluu.
Nangobi alinisimamisha njiani, sufuria mkononi.
Hakutukana.
Alifunua kifuniko tu.

Tangu hapo, ile vali ya kuzuia maji kurudi
naifungua mwenyewe, kila miezi mitatu:
springi, raba, kikombe cha shaba;
mchanga nautoa kwa ukucha.
Kitu kama ngumi ya mtoto,
na kinajua neno moja: hapana.

Isabirye anang'ata tochi.
Tunakaza klempu, nati nane,
moja huku, ya mkabala kule,
matope yakitupanda mapajani.

Kumekucha. Twende tukatoe hewa
kwenye bomba la zimamoto, lile jekundu
ambalo muuza mkaa hufungia mbuzi wake.
Likatema kutu, likatema upepo,
likanyamaza,
kisha maji.

Mbuzi akawahi kunywa.
Nikainama kumtazama ulimi.